Peugeot 504 ya marehemu baba imekwama injini: niweke ya Toyota?

*"Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 504 saluni ya mwaka 1978, ya petroli, gia iko kwenye usukani. Aliacha kuitumia siku ilipochemsha njiani ikitoka Muheza. Ikavutwa hadi nyumbani Tanga, ikaegeshwa uwani chini ya mwarobaini, na huu ni mwaka wa saba. Injini haizunguki hata kidogo. Fundi wa kwanza anasema injini imekufa, spea za 504 haziko tena, nimwachie aweke injini ya Toyota na apige rangi nzima, kazi ya miezi miwili. Wa pili anasema tuifungue yote, nati kwa nati, ndipo tujue la kufanya. Mume wangu anasema tuwaite watu wa chuma chakavu. Mimi ni mwalimu. Sina haraka, sina fedha nyingi, ila Jumamosi zangu ni zangu, na nataka kujifunza kulitunza gari hili mwenyewe kwa miaka mingi. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. Ninavyokusoma, kinachokutia hofu zaidi ni kufanya uamuzi mmoja mbaya mwanzoni ambao hauwezi kurudishwa nyuma. Hofu hiyo ina haki yake. Chuma chakavu hakirudi, na gari lililokatwa ili limeze injini nyingine halirudi kirahisi. Ushauri wa fundi wa pili unaonekana salama, lakini kwa uzoefu wangu ndio unaoua magari ya zamani kuliko kutu. Gari hufunguliwa lote kwa mwezi mmoja wa shauku, vipande vinaingia kwenye viroba, fedha inakatika, nati zinachanganyika, na baada ya miaka mitatu kinachouzwa ni bodi tupu na viroba. Kwa hiyo nitakujibu kwa njia ya nne: fungua kidogo, ujue, urudishe, halafu ndipo uendelee kwingine.

Nianze na spea, maana hapo umeambiwa jambo ambalo si kweli. Peugeot walianza kuuza 504 mwaka 1968, na ziliundwa zaidi ya milioni tatu. Ufaransa waliacha kuunda saluni mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 mpaka 2004 na Nigeria mpaka 2006. Zile pikapu za 504 zilizokuwa zikibeba mboga na saruji Kenya nzima zinachangia na gari lako vitu vingi vya mbele na vya injini. Peugeot 505, iliyokuja baadaye, ilirithi baadhi ya injini hizo za petroli pamoja na gia boksi. Gasketi, pistoni, pampu ya maji, klachi, vyote vinapatikana ukiuliza eneo la Gerezani pale Dar es Salaam, au ukiwa na mtu wa kukutafutia Mombasa na Nairobi. Kisichopatikana ni urembo: lenzi za taa, mikanda ya kromu, raba za vioo, dashibodi isiyopasuka. Wengi hulinda injini na kuacha fundi rangi atupe mkanda wa mlango. Wewe fanya kinyume. Kila kipande cha urembo kikitoka, kisafishe, kifunge kwa kitambaa, kiingie ndani ya nyumba, chini ya kitanda chako ikibidi.

Sasa injini. Kukwama si kufa, na ukielewa ilivyojengwa utaona kwa nini nasema hivyo. Iwe ni ya cc 1796 au ya cc 1971, bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya chuma cha kusubu na hedi, yaani kifuniko kizito cha juu yake, ni ya alumini. Pistoni hazipandi na kushuka ndani ya bloku yenyewe. Zinapanda ndani ya mabomba manne ya chuma yanayochomekwa kwenye bloku na kuchomolewa, ambayo mafundi huyaita slivu. Maji ya rejeta yanaizunguka slivu kwa nje moja kwa moja, na kule chini kuna kipete chembamba kinachozuia maji yasishuke kwenye oili. Maana yake ni kwamba hata silinda zikiwa zimeliwa kabisa, huhitaji bloku nyingine wala kuchonga hiyo uliyo nayo. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unatoa za zamani, unaweka mpya. Injini ya namna hii ilifikiriwa kwa watu wanaokaa mbali na kiwanda.

Kilichotokea kwenye gari lako nakikisia hivi. Lilipochemsha, gasketi ya hedi ilivuja na maji yakaingia kwenye silinda moja au mbili. Likaegeshwa vile vile. Oili iliyokuwa imepaka kuta ikashuka taratibu, unyevu ukabaki, ringi za pistoni zikashikana na slivu kwa kutu. Kutu hiyo inaweza kuwa na unene wa karatasi tu, lakini inatosha kuishinda stata.

Jumamosi ya kwanza, toa waya za betri na ufungue plagi zote nne. Panga plagi kwa namba za silinda zake na uziangalie: yenye kutu inakuonyesha maji yaliingia wapi. Kisha weka beseni chini ya sampu, lile karai la oili lililo chini ya injini, na ulegeze nati ya kumwagia oili polepole sana, uiache nusu imeshika. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatatangulia kutoka kabla ya tone la oili. Yakitoka kijiko kimoja, huo ni unyevu wa miaka. Yakitoka kikombe kizima au zaidi, jua kuna mlango wazi kati ya maji na oili, na hedi lazima ifunguliwe.

Baada ya hapo changanya oili ya gia boksi otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, umimine vijiko vichache vya chakula kwenye kila tundu la plagi. Kila jioni ukirudi kazini ongeza kidogo. Wiki ikiisha, weka spana kwenye nati ya puli ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na ujaribu kusukuma upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa nguvu ya mkono wako tu. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda, uvumilivu utamaliza kazi. Isiposogea, usiongeze bomba kwenye spana, kwa sababu hapo ndipo watu huvunja ringi. Mimina tena, subiri tena. Njia nyingine ni kuweka gia ya nne, gari likiwa chini na sehemu tambarare, watu wawili walitingishe mbele na nyuma. Mwezi mzima wa kusubiri kwenye gari lililokaa miaka saba si kitu.

Ikigoma kabisa, au ukipata maji mengi kwenye oili, hedi itafunguliwa, na hapa kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla fundi yeyote hajashika spana. Hedi ndiyo inayozikandamiza slivu zikae mahali pake. Ukiitoa halafu mtu akazungusha krenki "kuona kama inazunguka", pistoni itainyanyua slivu, kile kipete cha chini kitaachia, na maji yataingia kwenye sampu. Lazima slivu zibanwe kwa bolti na washa bapa pembeni yake kabla ya kuzungusha chochote. Vilevile slivu zinatakiwa zichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo za milimita, na zote nne ziwe karibu sawa. Moja ikizama, gasketi mpya ya hedi itavuja tena ndani ya miezi michache, na wataanza kukuambia "hizi Peugeot ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo. Ni kazi iliyofanywa bila kupimwa.

Hedi yenyewe, kwa kuwa ni alumini na imechemka, inaweza kuwa imepinda. Hiyo ipelekwe kwa mkereza vyuma mwenye mashine, ipimwe unyofu, ijaribiwe kwa presha kama ina ufa, na uso ukwanguliwe kidogo tu ikibidi. Kuna watakaokutisha pia kuhusu petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi, kwamba itaharibu mahali valvu zinapokalia. Kwenye hedi ya alumini valvu hukalia pete za chuma zilizopachikwa, hazikalii alumini yenyewe, na pete zikichoka mkereza huyo huyo atazibadilisha. Usilale macho kwa ajili ya hilo.

Kabla injini haijawashwa tena, uliza kwa nini ilichemsha. Nikibahatisha bila kuliona gari, nitaanza na feni. 504 ya petroli haina feni inayozunguka muda wote. Inashikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapofika joto fulani, na swichi yake iko kwenye rejeta. Kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku ikiisha, au waya ukikatika, feni inabaki ikijizungukia kivivu. Kwenye barabara ya wazi hutaona shida. Ukifika kwenye foleni au mlimani, sindano inapanda. Mafundi wengi wamebadilisha rejeta na hedi za gari hili kwa sababu ya waya mmoja. Ukiona feni imefungwa kwa bolti izunguke moja kwa moja, jua kuna mtu alishakutana na tatizo hilo akalimaliza kimkatomkato. Inakubalika kwa safari ya kurudi nyumbani, lakini baadaye irudishwe ilivyokuwa.

La pili ni thamostati, ile valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nina hakika utaambiwa uitoe, kwamba ni ya nchi za baridi. Thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya nje. Inafanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ikae hapo. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno haichomi petroli vizuri. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za slivu na kushuka kwenye sampu, na unyevu haukauki. Hapa Tanga utaihitaji kama anavyoihitaji mtu wa Paris.

La tatu ni maji ya bomba. Chuma na alumini vikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvichumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Ukifungua hedi utaona mashimo kuzunguka njia za maji, na unga mweupe. Tumia kuleanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa, uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya mkereza.

Lakini injini, nakuambia kweli, siyo inayoamua kama gari lako litapona. Kinachoamua ni bodi. Gari hili halina chasisi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na limekaa miaka saba kwenye upepo wa bahari. Kwa hiyo kabla ya kununua hata gasketi moja, chukua sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, na bisibisi butu. Pitisha sumaku chini ya milango, kuzunguka matao ya matairi, pembe za chini za mbele. Isiposhika, hapo kuna puti, ule udongo wa kujazia bodi kabla ya rangi, na chini ya puti kuna tundu. Inua mazulia yote na uangalie sakafu. Fungua boneti uangalie sehemu za juu ambako shokapu za mbele zimefungwa: chuma kikiwa kimevimba kama mkate au nyufa zimezunguka pale, hilo ni jambo kubwa kuliko injini kukwama. Kisha fungua na ufunge milango gari likiwa chini, uliinue kwa jeki pembeni, ufunge tena. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugusa, bodi imeshalegea.

Ukiona sakafu ina matundu ya hapa na pale, hiyo ni kazi ya kawaida ya fundi wa kuchomelea, kipande kwa kipande, na unaweza kuilipia kidogo kidogo. Ukiona sehemu za chini ya milango zimeliwa pande zote mbili pamoja na juu ya shokapu, simama. Hapo sitakudanganya: gharama itazidi thamani ya gari mara kadhaa, na swali linakuwa la moyo, si la hesabu. Hata gari likiwa zuri gharama itazidi bei ya kuliuza. Mume wako akisema hivyo, mkubalie, kwa sababu yuko sahihi kwa hesabu. Mwambie tu kwamba hununui biashara.

Injini ya Toyota. Sina ugomvi na Toyota, na nimeona 504 zenye injini hizo zikifanya kazi miaka mingi. Tatizo ni kwamba fundi amekueleza kama ni kubadilisha betri. Propela ya 504, yaani fimbo inayopeleka nguvu nyuma, iko ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa nguvu kutoka gia boksi hadi difu inayozungusha magurudumu ya nyuma, na bomba hilo ni sehemu ya kuishikilia difu isijipinde gari linapovuta. Injini ya Toyota huja na gia boksi yake, ambayo haina pa kulifunga bomba hilo. Basi bomba linakatwa, propela ya wazi inatengenezwa, na difu inatafutiwa vishikio vipya. Kila kitu hapo kinategemea mkono wa mchomeleaji. Ongeza fito za gia ya usukani, waya, rejeta, na namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari ambayo italazimika kubadilishwa. Miezi miwili itakuwa minane.

Kuna hali moja ambapo ningekubali: bloku imepasuka, na unalihitaji gari kila siku kwa kazi. Hata hapo ningetafuta kwanza injini na gia boksi ya 504 nyingine au ya 505. Wewe unataka gari la Jumamosi na la kujifunzia. Injini ya zamani yenye kabureta, distributa na pointi ndiyo shule yenyewe, kila kitu kinaonekana kwa macho na kinashikika.

Kuhusu mpangilio, baada ya bodi kupimwa na injini kuachia, breki zije kabla ya kuwasha na kutembea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka saba masta silinda na pistoni za breki zitakuwa na kutu ndani. Hozi za raba huvimba kwa ndani huku nje zinaonekana nzima. Ukikanyaga presha inapita, ukiachia hairudi, na gurudumu linabaki limebanwa. Badilisha hozi zote bila kujadiliana. Tangi la mafuta lishushwe, petroli iliyogeuka gundi imwagwe, mipira ya petroli yote iwe mipya. Matairi usiyaamini kwa sura: soma namba nne za mwisho za mstari wa DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Halafu umeme. Rangi iwe ya mwisho kabisa, hata kama itachukua miaka mitatu kufika, kwa sababu kila kazi niliyoitaja inakwaruza.

Na kadi ya gari? Kama bado iko kwa jina la marehemu, shughulikia mirathi na uhamisho mapema, kabla hujatia fedha kubwa. Nimeona ndugu wakikumbuka kwamba gari ni la wote siku lilipoanza kung'aa.

Likishawaka na kutembea, matunzo yake ni madogo lakini hayataki kusahauliwa. Watu wengi huwasha gari la zamani dakika tano kila wiki wakidhani wanalihifadhi. Wanaliharibu. Kuungua kwa petroli huzalisha maji, na kwa dakika tano maji hayo yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili bila kupata joto la kuyakausha. Ni afadhali uliache wiki mbili au tatu, kisha uliendeshe nusu saa au zaidi, hata Muheza na kurudi, hadi kila kitu kiwe moto sawasawa na breki zifanye kazi. Badilisha oili kila mwaka hata kama hujamaliza kilomita. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kupita karibu na bahari, upake oili nzito kwenye mikunjo ya chini. Weka daftari: tarehe, kilomita, ulichofanya, umenunua wapi. Na usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati.

Yapo mambo matatu ambayo hupaswi kuyafanya peke yako wala kwa maelekezo ya maandishi kama haya: kuchomelea sehemu zinazobeba bodi, hasa chini ya milango na juu ya shokapu, ambako bodi lazima itegemezwe kabla ya kukatwa, kupima hedi na slivu, na ukaguzi wa breki kabla ya safari ya kwanza barabarani. Hapo mlete mtu aliguse gari kwa mkono wake.

Fundi wa Toyota mshukuru na umwambie kwa sasa hapana. Yule wa pili usimfukuze. Muulize anazuiaje slivu zisinyanyuke hedi ikitoka, na anapima kwa kifaa gani kimo chake. Akianza kukueleza bila kusita, mlipe kwa siku, kaa naye, na wewe ndiye ushike spana. Akicheka na kusema huo ni uzungu mwingi, tafuta mwingine.